Duara la Papa

Watu wa mtaa wetu kule Mangobo watakuambia mimi sina mdomo wa kubembeleza. Muuza samaki akiniletea samaki wa juzi, namwambia palepale mbele ya wateja wake. Mtu mmoja tu nilimdanganya, naye alikuwa papa yangu, baba aliyenizaa na kuniita mama.

Papa alikuwa fundi wa ndege. Alipostaafu akajitengenezea yake ndogo, ya frigolite, lile povu jeupe linalokuja ndani ya kartoni za televisheni, akaifungia motere iliyotoka Kinshasa. Asubuhi, kabla upepo wa mto haujaanza, tulipanda toleka mbili, zile baiskeli za kubeba abiria, yeye akiipakata ndege kwenye baiskeli ya mbele, mimi nyuma na telekomande ya kuiongozea, mpaka uwanja wa zamani wa mpira. Hakutaka michezo mingi. Alitaka duara moja tu: ndege ipande, ilale kichwa chini, ishuke, irudi palepale ilipoanzia, bila kona.

Shida ilikuwa macho. Sukari ilikuwa ikiyala, na daktari alisema hayatafika Noeli. Ndege ikiwa juu, papa haioni tena. Basi nilisimama nyuma ya bega lake kumwambia umbo limetokaje, ili kesho arekebishe kidole.

"Iko rond?" aliuliza kila mara, yaani imeviringana sawasawa?

Haikuwa rond. Ilikuwa yai, tena yai lililobanwa. Lakini niliona shati lake limelowa jasho mgongoni, nikasema iko rond. Kesho yake tena hivyo hivyo. Ee Mungu, nilidhani ndiyo mapenzi. Kumbe kidole chake kilikuwa kinajifunza kosa, na mwalimu ni mimi.

Mwezi wa kumi na moja akamwalika rafiki yake wa kazini aje kuona. Akairusha, akazungusha. Rafiki akacheka kwa upole, akasema, mzee, lakini hilo ni yai. Papa akanigeukia. Uso ule sijausahau.

"Nilikuomba macho, mama," alisema. "Sikukuomba huruma."

Akaniwekea telekomande mkononi, hakuishika tena. Noeli ilimkuta haoni hata kiganja chake.

Nikasema moyoni, basi duara lake nitalipata mimi. Tukaendelea kwenda, yeye kwenye kiti cha plastiki, mimi nikivunja mabawa na kuyabandika upya, miezi na miezi. Kila kosa nililitaja: papa, leo yai, papa, leo imelala kushoto. Halafu asubuhi moja duara likatoka. Ndege ilipita palepale ilipoanzia, safi kabisa, na mimi machozi yakanitoka.

"Papa, iko rond. Safari hii ni kweli."

Akapapasa mpaka akaupata mkono wangu, akaupigapiga kama anayembembeleza mtoto.

"Ndiyo, mama," alisema. "Siku zote iko rond."

Nikatazama uwanja mzima nikitafuta mtu yeyote aliyeona. Palikuwa na mbuzi wawili tu, wanakula majani.