Ungo wa Mama wa Jeshi

Karatu walimwita Mama wa Jeshi, kwa kuwa aliuguza askari vita ya Hitla, mpaka bomu lilipoangukia hema lao likamjeruhi kichwa. Seif mwenye duka alimpa kazi ya kuchagua maharage, wala si kwa huruma: hakuna aliyeyatakasa kama yeye. Vidole vilikwenda taratibu juu ya ungo, midomo ikinong'ona, "Jekundu, jeupe, jiwe." Jina la mwanawe lilimponyoka mara nyingine; jiwe, kamwe.

Asubuhi moja kaka wa Mama, Raphaeli, alikuja kumpeleka hospitali ya vichaa. "Vidonge vilimlaza tu, Bwana Seif. Maombi tumefanya. Moshi wa mganga ulimzidishia kelele za kichwani. Kumebaki huko."

"Na ungo je, umeujaribu?" Seif aliuliza. "Wewe unaniondolea fundi, ndugu yangu."

Hapo lori la kwenda Oldeani likatema moshi barabarani, kwa mshindo kama wa bunduki. Mama akajitupa chini. Siku zote akisikia mshindo hujifunika kichwa. Safari hii alikuwa ameufunika ungo kwa mikono, na hakuna punje iliyomwagika.

"Kaka," alisema akijiinua, "ngoja kwanza nimalize gunia."

Raphaeli alivua kofia, akatafuta pa kukaa.