Sindano Waliyogawana Ndugu Wawili wa Ipuli

Saa nne asubuhi, uani kwenye nyumba ya harusi ya mteja huko Cheyo, Mwanamkuu Idrisa anamimina mchele wa Igunga kwenye sufuria kubwa la pilau. Wanawake wanaomenya vitunguu wanamtania.

"Loo, dada Mwanamkuu, umekuwa msichana! Tupe siri."

Anageuza mwiko huku machozi yanamtoka, na wenzake wanadhani ni moshi.

Mpishi huyu wa shughuli, mwenye miaka 54, anaishi Ipuli na ana kisukari. Mwaka juzi alifika kilo 118, magoti yakagoma. Daktari akamwandikia sindano ya kila wiki, hii inayosifiwa mitandaoni kwa kupunguza unene. Kusema kweli, ilimfaa: sukari ilishuka, presha ikatulia, mkongojo akautupa.

"Daktari aliniambia hii ni yako peke yako. Mimi nikaona ni uchoyo," anasema. "Na Zuwena tumekula sinia moja tangu utoto. Ningechomaje peke yangu?"

Zuwena, mdogo wake, hakuwa mgonjwa. Alikuwa mnene tu, na alitaka gauni limkae vizuri kwenye harusi ya bintiye, Najiat. Basi wakawa wanachoma wote wawili.

Ramadhani ikaingia. Kwa dawa ile Zuwena hasikii njaa, akajisifu kwamba saumu ya mwaka huu nyepesi. Daku akaiacha. Akifuturu, anatapika, hata maji hayakai. Mwanamkuu, ambaye daktari alishamkataza kufunga, akamsihi ale.

"Zimebaki saumu chache, dada. Niache nimalize."

Hospitali walikuta mwili umekauka, figo zimeshindwa. Masikini Zuwena, Idd ilimkuta kaburini.

"Watu wananiambia nimependeza. Kupendeza gani huku?" Mwanamkuu anauliza. "Naona kama nimevaa kifo cha mdogo wangu."

Baada ya msiba aliacha dawa kwa uchungu. Sukari ikapanda, nyayo zikawaka moto. Siku moja Najiat, anayejua yote, akaingia chumbani na sindano.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimeshazika mama mmoja. Wa pili simziki kwa uzembe. Hebu funua tumbo."

Harusi ya Najiat iliahirishwa, sasa imepangwa baada ya mavuno. Mwanamkuu hataki kusikia habari za mpishi mwingine.

"Kila wiki ananichoma mwenyewe, mtoto niliyemfanya yatima," anasema. "Namwomba Mungu anifikishe tu siku hiyo, nimpikie."