Baba Alikuja Kuomba Mtu

Mwanangu, safari moja ya kuja Kariakoo ilimgharimu baba yangu nauli, mkungu wa ndizi na wiki nzima ya kuumwa mgongo. Nakumbuka vizuri, kwa sababu nilimuuliza nauli kwanza, shikamoo ikafuata. Nilikuwa kijana, nina duka la vitenge mtaa wa Mchafukoge, na mteja amesimama mlangoni.

Baba alikuwa amezeeka, yuko peke yake kwenye kihamba chetu Kilimanjaro, shamba la migomba na kahawa walimozikwa babu zake. Mama alishafariki, sisi watoto wote tuko mjini. Jirani akawa anang'oa masale, ile mimea ya mpakani, anaipanda upya ndani kwetu. Kila Krismasi tunakuta shamba limepungua, tunakula nyama, tunarudi mjini Bongo.

Aliponieleza hayo, nikamwahidi seng'enge ya kuzungushia shamba. Akatikisa kichwa. Nikapandisha: seng'enge na kibarua. Akanywa chai. Nikaongeza wakili wa mjini Posta, tena mkali. Yule mteja akacheka, akasema mzee huyu hapunguzi.

"Hela unazo, nimeona," baba akaniambia. "Mimi nimekuja kuomba mtu. Jirani haogopi waya. Anaogopa mtoto wa nyumba ile anayeujua mpaka."

Mimi ndiye kitindamimba. Kwa mila yetu nyumba ya baba ni yangu. Nikasema biashara itakufa.

"Utafungua nyingine," akasema taratibu. "Mimi utanizika wapi?"

Hapo nikaacha kupandisha bei. Tukaelewana: misimu ya kilimo mke wangu ashike duka, mimi niende kwa baba. Mwaka uleule alinitembeza mpakani, mkono wake begani kwangu, mbele ya jirani na wazee wa ukoo. Masale yakarudishwa, isipokuwa upande wa mtoni. Huko tulikuwa tumechelewa, na mpaka leo analima jirani.

Kwa hiyo mwanangu, mzazi akija na shida, usikimbilie pochi. Msikilize amalize. Nenda shambani angali ana nguvu za kukuonyesha mpaka, maana akishaondoka utaonyeshwa na jirani. Mungu akupe nyumba ya kurudi, na akupe hamu ya kuirudia.

Siku hizi ninayeishi kihambani ni mimi, goti limegoma, na wanangu watatu wa Kariakoo wameniahidi kamera ya kulinda mpaka. Wewe sikukuzaa, ila ni wa rika lao, nishauri: nimwombe yupi arudi, na nianzie wapi?