Kufunga Mwezi Mzima

Kila Ramadhani nilikuwa nafunga mwezi mzima bila kukatika, na hapa Malindi, nyumbani kwa mume wangu, jambo hilo lilinipa sifa. Wanawake wengine wakiingia mwezini hula, kisha huja kuzilipa siku zao. Mimi sikuwa na la kulipa.

"Wewe na wanaume tu!" wifi yangu alikuwa akinitania tukikaanga sambusa.

"Mwache mkaza mwanangu," mama mkwe humkemea. "Hiyo ni baraka yake."

Nami nikaamini. Au pengine nilitaka tu kuamini, sijui. Ndevu za kidevuni nilikuwa nikizing'oa peke yangu, mlango nimeubana.

Hospitali nilikwenda kutafuta mtoto, maana miaka ilikuwa inapita na mume wangu ameanza kunyamaza tukila. Daktari, mama wa makamo, aliniuliza hedhi ya mwisho niliiona lini. Nikamwambia, kwa fahari kidogo, kuwa mimi hufunga mwezi mzima. Akaweka kalamu chini.

"Na miezi mingine je, mwanangu?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole, nikaacha.

Wakanitoa damu, wakanipima presha, wakanipiga picha ya tumbo. Mimba haikuwapo. Kwenye kioo cha mashine daktari alinionyesha ovari zangu, vifuko vidogo vidogo vimejipanga pembeni kama shanga. Mayai huanza kukua, akasema, kisha yakakwama. Homoni zimeharibika mpango, na ndevu zinatokana na hayo hayo. Sukari nayo imeanza kupanda. Tena utando wa kizazi usipotoka huzidi kuwa mnene, na ukiachwa miaka waweza kuleta saratani.

"Na mtoto?"

"Wengi hupata wakitibiwa. Lakini kukuahidi siwezi."

Alisema kweli, simlaumu. Ila nilitamani anidanganye.

Alinipa vidonge vya kuileta hedhi. Hedhi ikanijia Ramadhani hii, mchana, mwezi haujafika nusu. Mama mkwe akanikuta jikoni nakunywa maji. Akakitazama kikombe, akanitazama tumbo, uso wote ukamng'aa.

"Wewe, unakula mchana? Alhamdulillahi! Mwanangu, umeshika mimba?"

"Ni damu, mama."

Hakusema neno baya, na hilo lazima niliandike. Alikichukua kile kikombe, akanijazia tena, akanipa. Kisha akatoka uani, akiushika ukuta kama mgonjwa.

Nikayanywa yote. Kiu sikuwa nayo.