Mkono Usiofika Sikioni

Siku hizi wajukuu zangu wanaandikishwa shule kwa cheti cha kuzaliwa. Sisi cheti chetu kilikuwa mkono. Mtoto anaupitisha juu ya kichwa. Akigusa sikio la upande wa pili, anaandikwa darasa la kwanza. Asipogusa, anarudi nyumbani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwenye shule yetu, kule juu ya Mwanjelwa, miaka ya sabini inaanza.

Binti yangu wa kwanza alikuwa anagusa. Nilimpima mwenyewe jikoni. Lakini nilikuwa na mtoto mchanga, viazi vinataka palizi, na baba yao yuko Rujewa, kibarua kwenye mpunga. Mtoto angebebwa na nani? Nikamwambia, "Ukifika mbele ya mwalimu, kunja kiwiko. Utaenda mwakani."

Akanitii.

Mwalimu akasema, "Huyu nusu ya mkono kaisahau nyumbani! Mama, mlete mwakani." Mstari mzima ukacheka. Na mimi nikacheka. Nyuma yake alisimama binti wa jirani, mfupi kuliko wangu. Yeye aligusa, akaandikwa.

Mwaka ulipogeuka nikampeleka. Darasa lilikuwa moja, limejaa. Mwaka uliofuata, limejaa. Nikapeleka na kuku. Kuku akapokelewa, mtoto akarudishwa.

Miaka ikapita, halafu ikaja amri kwamba kila mtoto asome. Tulifurahi jamani! Akina mama tulikanyaga udongo, tukafyatua matofali, tukayachoma, tukayabeba kichwani. Binti yangu alibeba kunishinda, maana alijua anajenga darasa lake. Balozi wetu wa nyumba kumi alipopita kuandika majina ya watoto, alimtazama kuanzia miguuni.

"Huyu? Huyu ni wa kuolewa, mama. Aende kisomo cha watu wazima pamoja na wewe."

Basi tukaenda, mimi na yeye, saa kumi alasiri, dawati moja, ndani ya matofali yetu wenyewe. Na mwalimu alikuwa nani? Yule binti wa jirani. Alikuwa amemaliza la saba, walimu hawatoshi, akapewa chaki afundishe.

Akaandika herufi ubaoni. "Anayeijua anyooshe mkono."

Binti yangu alikuwa anaijua. Yule mtoto mchanga aliyebebwa naye mgongoni sasa alikuwa darasa la kwanza, na dada mtu alikuwa akichungulia daftari lake. Lakini hakunyoosha. Akanigeukia polepole, hata hasira hana.

"Mama, ninyooshe?"

Nilikodolea ubao macho kama mtu anayesoma.

Kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Aliolewa mwaka uleule, huko Usangu. Mimi niliendelea na kisomo mpaka nikajua, na haya nayaandika kwa mkono wangu. Barua nikimtumia, anasomewa na watoto wake. Kwa hiyo kuna neno moja sijawahi kumwandikia, maana lazima lipite kwanza kinywani mwa mtoto.