Tuta la Mchunga

Saa mbili kasoro robo asubuhi tulianza kupima matuta ya bustani mpya za kufundishia, ndani ya bustani ya miti ya chuo kikuu, hapa Korogwe. Mimi ndiye mtunzaji wake. Elimu ya mimea nimejitafutia mwenyewe. Mhadhiri aliponiuliza tuta la mboga za Handeni lianze na nini, nilijibu: mchunga. Mwanafunzi mmoja akacheka.

"Mzee, hilo si gugu?"

Ni gugu, na ni mboga. Kama umekulia Kwedizinga, kule Handeni, unajua. Bibi yangu alipalilia mahindi kwa macho kwanza, jembe baadaye. Palipoota mchunga au mlenda, alipazunguka. Jioni tulichuma, tukachemsha mchunga, tukamwaga maji ya kwanza kupunguza uchungu. Kinu kilikuwa kikilia uani, na karanga zilipoingia chunguni nyumba nzima ilinukia. Miezi ile ya kungoja mahindi yakomae, hatukuwa na mboga nyingine.

Msimu mmoja alihamia jirani kutoka kambi ya mkonge, upande wa Mnyuzi. Kule, mstari uliobaki na jani moja haukuhesabiwa kuwa kazi. Bibi alipoumwa kiuno, jirani aliingia shambani kumsaidia, bila kuulizwa. Tulipofika adhuhuri, ardhi kati ya mahindi ilikuwa nyekundu tupu.

"Mwenzangu," bibi alisema, "umepalilia au umenyoa?"

"Nyapara angenisifu!"

"Basi leo twende tukale kwa nyapara."

Walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini jioni ile tulikula ugali kwa chumvi, na jioni nyingi zilizofuata. Mvua iliporudi, mchunga ulichipua kutoka kwenye mizizi iliyokatika. Mlenda haukurudi, hivyo jirani mwenyewe alizunguka kijijini kutuombea mbegu.

Juzi nilikwenda kutafuta mizizi kwenye shamba lile. Wanaolilima sasa wanapulizia dawa ya magugu, hakuna kilichobaki. Nikaipata kando ya reli, Mnyuzi, na leo tumeipanda. Itachipua, sina wasiwasi; mchunga haubembelezwi. Wanafunzi wataujua kwa jani, kwa mzizi, hata kwa ulimi.

Ila mwanamke kama bibi yangu, anayekatisha kijiji jioni, majani yamejaa kwenye khanga, huku kila mlango ukimwita, "Leo mna nini huko?" na yeye akigawa mkono huu na huu kabla hajafika kwake, huyo sijui nimpande wapi.