Msamaha wa Salumu Ulianzia Nyakakika

Naikumbuka siku niliyosimama bomani Bukoba, mwanangu, kanzu safi, barua mkononi. Mdogo wangu Salumu, askari wa Mjerumani, alikuwa mnyororoni. Akiwa doria alimpora mjane wa Nyakakika, Bi Kokugonza, mbuzi wake, akamla. Alihukumiwa miezi sita. Alikuwa ametumikia mitatu, na kikohozi kilikuwa kimemshika. Nilihofia atatolewa pale kwenye jeneza.

Nilikuwa na duka Omurushaka, enzi hizo mji mzima vibanda vitatu tu. Nilivihesabu mara mbili. Kwa mchuuzi, ukitaka kumi huanza na ishirini. Basi nikamwomba bwana mkubwa, Mjerumani mwenye boma, Salumu aachiwe siku hiyo hiyo, tena arudishiwe bunduki, nikitumaini tutakutana katikati.

Bwana mkubwa akauliza neno moja: "Mwenye mbuzi amesemaje?"

Wote wa kuombwa nilikuwa nimewahesabu, isipokuwa huyo. Barua ikarudi mkononi mwangu.

Nje, shaushi mzee mlinzi wa wafungwa akanicheka. "We mpwani, umekuja kununua mtu? Huruma huombwa kwa aliyeumia. Huku ni mhuri tu."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami miguu nilikuwa naihitaji. Nikatembea siku nne hadi Nyakakika, nikivuta mbuzi jike mwenye mimba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bi Kokugonza akamfunua mbuzi meno, akamkagua kuliko mimi ninavyokagua nguo. "Huyu nimemwona. Aliyemla yuko wapi?"

"Mnyororoni, mama."

"Basi aje mwenyewe. Wewe hukunikosea."

Hata hivyo akanipa buni za kutafuna, ndiyo amani ya huku kwetu, akamtuma kaka yake aende nami kuyasema hayo bomani.

Salumu akafunguliwa kwa sharti: akapige magoti kwa mama yule, kisha alime migomba yake miezi mitatu iliyobaki. Mimi mdhamini, akitoroka, mnyororo ni wangu. Kila Ijumaa baada ya sala nilikwenda kumhesabu, mara mbili, ingawa alikuwa mmoja. Kikohozi kilimwisha kwa ndizi za mama huyo huyo.

Kwa hiyo, mwanangu, ukimwombea mtu msamaha, usianzie kwa mwenye ufunguo, anzia kwa mwenye jeraha. Omba unachohitaji, usipandishe bei. Na aliyekosa apige magoti mwenyewe. Wewe msindikize tu.

Mungu akupe miguu ya kwendea radhi. Na siku utakayokosewa wewe, akujalie buni mkononi.